Mtafiti wa Arosto

Tangu nianze kuuza plastiki soko la Bariadi nimepata mteja mmoja tu aliyekataa punguzo, na huyo ndiye ninayetaka kumweleza hapa. Jina analo, silitaji. Mjini alikuwa na majina matatu. Wazee walimwita Daktari wa Bangi, vijana wa stendi walimwita Mama Arosto, na mimi nilimwita Mtafiti, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye kitambulisho alichokining'iniza shingoni hata akienda kununua nyanya. Kwao wapi, baba yake nani, sikuuliza. Sokoni ukimuuliza mtu ukoo wake atadhani unataka kumkopesha.

Siku ya kwanza alitaka vikopo vidogo vya kuwekea vidonge, mia mbili. Nilikuwa navyo, ila vifuniko vilikuja vya rangi mbili, bluu na nyekundu, na vilikaa ghalani hadi panya wakavizoea.

"Daktari, chukua mchanganyiko," nikamwambia. "Nakupunguzia robo ya bei."

Robo ya bei. Mimi mwenyewe nilishtuka kujisikia nikisema.

"Sitaki. Nataka vifuniko vyote rangi moja."

"Kwani kifuniko kinatibu?"

"Kinatibu sana," akasema, wala hakutabasamu. "Mpe kijana kifuniko chekundu na mwenzake cha bluu. Kesho stendi nzima watasema chekundu ndiyo kali. Atapona kwa kifuniko, mimi nitadhani amepona kwa dawa."

Nilihesabu maneno yake mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, nikaona hayapungui. Akalipa bei kamili na kusubiri siku nne vifuniko vya bluu viletwe kutoka Mwanza. Jioni ya siku aliyolipa nikamkuta kwenye safu ya mboga akigombania nyanya mbili za nyongeza na bibi wa watu, mpaka bibi akasema, "Mayu, mama yangu, chukua tu, uniache nipumzike." Sikumwelewa. Mtu anayeacha robo ya bei kwa ajili ya rangi ya kifuniko, halafu anapigania nyanya mbili, huyo kichwani mwake kuna mizani ambayo mimi sijawahi kuiona dukani.

Kazi iliyomleta ilikuwa moja. Alikuwa anatafuta dawa ya kuwasaidia vijana wakubwa, wale wa miaka kumi na minane hadi ishirini na mitano, ambao bangi imewashika na wakitaka kuiacha wanashindwa kwa sababu ya arosto. Arosto ndiyo ile hali inayompata mtu aliyezoea kilevi akikikosa. Jambo lenyewe lilitushangaza wengi. Tulijua arosto ni ya wale wa heroini, wale wa miji mikubwa. Bangi tuliiona kama jani la shambani. Mzee mmoja wa Nkololo aliyekuja kununua ndoo dukani kwangu alimwambia usoni, "Daktari, bangi ni mbolea ya mkono. Kijana akiacha, nani atashika plau nyuma ya ng'ombe?"

Mtafiti akamuuliza, "Baba, kijana wako akikosa siku tatu anakuwaje?"

Mzee akafikiri. "Anataka kunipiga."

"Basi," akasema Mtafiti, na kuandika.

Huo ulikuwa mtindo wake. Hakubishana na mtu. Aliuliza swali dogo, akaandika jibu, wewe ukabaki na jibu lako mwenyewe mkononi hujui ulitue wapi.

Mimi nilijua zaidi ya yule mzee, ila nilikuwa nimefunga mdomo. Mdogo wangu Iddi, tuliozaliwa mama mmoja baba tofauti, anaendesha bodaboda na anakaa uani kwangu. Alianza kuvuta shuleni. Mwaka ule alijaribu kuacha mwenyewe, bila mtu kumwambia, na mimi nikafurahi kwa siku moja na nusu. Siku ya tatu alivunja chupa ya chai kwa sababu kifuniko kilikuwa kigumu. Hakula. Alilowa jasho kana kwamba kaopolewa mtoni. Akipitiwa na usingizi aliota ndoto za kutisha, anaamka anapiga kelele anafukuzwa na ng'ombe wasio na vichwa. Nikamwita shehe akasoma. Nikamwita na mtu wa mizizi kutoka Kiloleli, naye akasema ni mkono wa mtu. Siku ya tisa Iddi akaenda nyuma ya choo, akavuta, akarudi mpole kama mwanakondoo, akala sahani mbili za ugali. Mimi mwenyewe, dada yake, nilishukuru. Nilishukuru kwamba amevuta. Hilo sikumwambia mtu.

Kwa hiyo niliposikia Mtafiti anawaeleza wazazi kwenye kikao cha mtaa kwamba ukiacha bangi hasira, jasho, kukosa usingizi na ndoto mbaya huanza siku moja au mbili baadaye, hupanda juma la kwanza, halafu huanza kushuka, nilikaa chini. Alikuwa anaisimulia nyumba yangu, naye hajawahi kukanyaga uani kwangu. Mtu wa mizizi alikula kuku wangu wawili kwa kitu chenye kalenda.

Vijana mwanzoni walimkimbia. Bangi ni kesi, na mwanamke mwenye kitambulisho na daftari anayeuliza nani anavuta ni askari tu, hata awe amevaa kitenge. Akaacha daftari nyumbani. Alikwenda kukaa stendi, kwenye kibanda cha kinyozi anayeitwa Shija, ambacho ndicho kijiwe cha waendesha bodaboda. Siku tisa alikaa pale bila kuuliza neno la bangi. Alikunywa chai. Na chai yake ilikuwa kioja: vijiko sita vya sukari kwenye kikombe kimoja. Mimi nilihesabu kwa macho yangu, mara mbili.

Siku ya kumi Shija akamuuliza, "Mama, hiyo sukari yote si utakufa?"

"Nimejaribu kuacha mara nne," akasema. "Ya mwisho nilifika siku kumi na moja. Nikamfokea mtoto wa jirani, nikarudi."

Halafu mmoja akasema, "Basi mama wewe ni mwenzetu, ila una bahati, sukari haina askari." Wakacheka, na kuanzia hapo wakaanza kumwambia. Sijui kama ule ulikuwa ujanja au ukweli. Nilimuuliza baadaye. Akasema ni ukweli, ila aliuchelewesha makusudi. Hapo nikamheshimu kama mfanyabiashara.

Salamu zilimshinda. Alijifunza "wangaluka", ambayo kwa Kisukuma ni ya asubuhi, akaitumia mchana kutwa. Saa tisa alasiri, jua limeshainama, yeye "Wangaluka, mayu!" Kina mama wa mboga walimsahihisha wiki ya kwanza, wakachoka. Mwaka wa pili safu nzima walikuwa wanamwitikia wangaluka alasiri, na wengine wakaanza kusalimiana hivyo wenyewe kwa wenyewe, kwa utani.

Neno lake kubwa lilikuwa "sijui". Mganga hasemi sijui. Daktari wa hospitali akisema sijui unatafuta daktari mwingine. Huyu alilisema mbele ya watu, mbele ya diwani, mbele ya mapadri na mashehe. Diwani akamuuliza, "Dawa yako inaponya?" "Sijui, mheshimiwa. Ningejua nisingekuja." Diwani akatutazama sisi kama anayeuliza tumemtoa wapi.

Utafiti wenyewe alinieleza hivi, nami nauweka kama nilivyoelewa. Kulikuwa na vidonge vya aina mbili, vimepakwa utamu kwa nje, vinafanana kama mapacha. Kimoja kina dawa inayodhaniwa kupunguza hamu na arosto. Kingine ni unga mtupu usio na dawa yoyote. Kila kijana anapata kikopo chenye namba, anameza kimoja kila siku, na hakuna anayejua amepata kipi. Hata Mtafiti hajui. Orodha imefungiwa mbali, mkoa mwingine. Mwisho wa utafiti unafungua orodha, unaona kama wa dawa wameachana na bangi zaidi kuliko wa unga. Wote, wa dawa na wa unga, walikuwa na maongezi ya kila Jumanne na mshauri.

"Yaani unampa mtoto wa mtu unga, anakaa na arosto yake?" niliuliza.

"Nimewaambia wote kabla. Wamekubali wote."

"Na wewe unalala?"

Alimimina sukari.

Akaniajiri kwa siku moja ya juma. Aliona ninavyohesabu vikopo mara mbili mbele ya mteja aliyekwisha kuridhika, akasema anahitaji mtu wa namna hiyo. Kila Alhamisi vikopo vilirudi. Kikopo kilitoka na vidonge kumi, na Alhamisi hadi Alhamisi ni siku saba, kwa hiyo kilipaswa kurudi na vitatu. Kikirudi na vitano, kijana hamezi. Mimi kazi yangu ni kuhesabu vilivyobaki na kuandika kwenye namba ya kikopo.

"Kwa nini usihesabu mwenyewe?"

"Mimi nataka dawa ifanye kazi. Mtu anayetaka kitu akihesabu, mkono unamsaidia. Wewe huna unachotaka." Akanitazama. "Una ndugu kwenye orodha?"

"Sina," nikasema.

Iddi alikuwa namba kumi na saba. Alikuwa amejiandikisha wiki moja kabla. Sijui kwa nini nilidanganya. Mteja akiuliza kama ndoo ina ufa, mdomo unajibu kabla ya moyo. Na nilitaka kuwa karibu na kile kikopo. Nilitaka nikione kila Alhamisi kikirudi na vitatu.

Kikawa kinarudi na vitatu. Wiki ya kwanza ya kuacha Iddi alitetemeka, akanuna, akarusha kiatu, lakini hakuvunja kitu. Wiki ya pili akala. Wiki ya tano aliniomba chumvi mezani kwa upole, na mimi nikainuka haraka nikaenda jikoni kuifuata, nikasimama pale muda mrefu kuliko anaohitaji mtu kutafuta chumvi. Miezi miwili mizima sikusikia harufu nyuma ya choo. Nilikuwa nimeshasahau alivyo akiwa yeye.

Ndipo Alhamisi moja nikakuta nusu.

Kikopo namba kumi na saba kilikuwa na vidonge viwili na nusu. Nikahesabu tena. Viwili na nusu. Nikaendelea. Namba ishirini na tatu ilikuwa na vitatu na nusu. Vidonge vile havivunjiki hovyo, na hizi nusu zilikuwa zimekatwa, ukingo umenyooka kama uliopitiwa na wembe. Viwili na nusu na vitatu na nusu ni sita. Vikopo viwili, vitatu vitatu, ni sita. Hesabu ilikuwa imetimia, na ndiyo hesabu iliyotimia iliyoniogopesha. Nikageuza vikopo vingine mwangani. Chini ya vingi palikuwa na vumbi jeupe ambalo kidonge kizima hakiachi.

Nilikwenda nyumbani mchana ule ule. Iddi alikuwa anaosha pikipiki.

"Iddi, vidonge mnavifanyaje?"

"Tunameza, dada."

"Mnavikata?"

Akainua kichwa bila hofu yoyote. "Shija ndiye anakata. Ana nyembe mpya, anachoma kwanza kwa kiberiti, usiogope. Kila mtu ana mwenzake. Unampa nusu yako, anakupa nusu yake."

"Kwa nini?"

"Si mama alisema kuna dawa na kuna unga, na hakuna anayejua? Sasa dada, mimi nipone mwenzangu abaki? Tulikuwa tunavuta msokoto mmoja watu kumi, unazunguka, kila mtu pafu mbili. Leo kwenye kupona ndio tuwe wachoyo?" Alisema kwa fahari, kama anayeniambia wamejenga msikiti. "Si sisi tu. Kijiwe cha mnadani nao wanakuja kwa Shija kukatiwa."

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Miezi yote ile, hakukuwa na wa dawa wala wa unga. Walikuwa wote wa nusu nusu. Utafiti ulikufa tangu siku ya kwanza, na sisi tulikuwa tunaiosha maiti yake kila Alhamisi.

Nilinyamaza wiki mbili, na si kwa kusahau. Nikisema, Mtafiti atafunga, vidonge vitaisha, Iddi atarudi nyuma ya choo. Nisiposema, mwanamke wa watu ataandika uongo bila kujua, na dawa hiyo watakuja kupewa vijana wa mbali kwa sababu mimi nilitaka mdogo wangu aombe chumvi. Alhamisi mbili nilihesabu na kuandika "tatu". Mimi ninayejisifu kwa kuhesabu.

Alhamisi ya tatu nikamwambia yote kwa mpigo, nusu na wembe na kijiwe, na kwamba namba kumi na saba ni mdogo wangu.

Nilitegemea anifukuze. Aliweka kikombe chini. Halafu akasema, "Niliwaeleza rangi ya vifuniko. Niliwaeleza wasiuze. Niliwaeleza wasitupe. Sikuwaambia wasigawane." Akatikisa kichwa. "Sikuwaza."

"Daktari, hakuna anayejua," nikasema. Nilimsogelea kama ninavyomsogelea mteja anayeanza kuondoka. "Ni mimi na wewe. Sema wachache wamekosea. Sema robo. Hizo zingine zibaki."

"Robo ya kitu gani?"

"Ya kazi yako. Utatupa yote?"

"Mama Vikopo," akasema, kama alivyozoea kuniita, "unataka niuze ndoo yenye ufa."

"Watu wanauza."

"Najua wanauza," akasema. "Na wewe umeniuzia mdogo wako kwa wiki ngapi?"

Hilo liliniingia. Nikajaribu njia nyingine, maana mfanyabiashara hafi kwa bei ya kwanza. Nikamwambia basi aseme kugawana ndiyo dawa. Si wamepona wengi? Si wanakutana kila siku kwa Shija, wanaulizana hali, wanachungana?

Akaniangalia kwa huruma hasa. "Inawezekana. Inawezekana pia ni mvua, wengine walikwenda kulima pamba wakawa mbali na stendi. Inawezekana ni maongezi ya Jumanne. Sijui. Nilikuja ili nijue, na sasa sijui kuliko nilivyokuja."

Asubuhi yake aliwaandikia wakubwa wake kwamba takwimu hazifai. Zote. Mimi nilimwona akituma. Watu wazima walinicheka niliposimulia. Mwenye duka la jirani aliapa kwamba hakuna msomi wa hivyo, lazima kuna mahali amekula. Mimi nilijua hakula mahali, na hilo ndilo lililokuwa linanizuia kufunga mdomo. Vidonge vilikoma. Maongezi ya Jumanne akaendelea nayo yeye mwenyewe, bila kulipwa, mpaka muda wake wa mkataba ulipokwisha, na kijiwe kilikuja, si wote.

Kabla hajaondoka orodha ilifunguliwa, naye akamwita kila kijana peke yake kumwambia alichokuwa nacho kwenye kikopo chake. Alisema ni haki yao. Iddi alikuja dukani kwangu, akaegemeza pikipiki ukutani, akasimama mlangoni.

"Dada, changu kilikuwa unga."

Nilikuwa na mteja. Nilimpa chenji ya mtu mwingine.

Kama Iddi asingegawana, angekuwa amemeza unga miezi yote. Alipata nusu ya dawa, kama ilikuwa dawa, kutoka kwa mwenzake. Nami nilijua mwenzake ni nani, kwa sababu namba ishirini na tatu ilikuwa ya Shija kinyozi, na cha Shija kilikuwa dawa. Iddi hakurudi kuvuta. Shija alirudi. Kibanda chake kilifungwa siku mbili, kikafunguliwa moja, mwisho kikapangishwa kwa muuza chipsi, na yeye nikasikia yuko Itilima kwa mjomba wake, anachunga.

Mwaka uliofuata nilipeleka mzigo wa ndoo na mapipa Lagangabilili, kwenye zile ofisi mpya za wilaya ya Itilima. Nilimkuta Mtafiti kwenye benchi la nje, kitambulisho shingoni, bahasha magotini, anasubiri kibali. Alikuwa pale tangu ofisi zinafunguliwa. Saa sita na nusu ananiambia wangaluka.

Alikuwa amekuja na utafiti mpya. Safari hii, akasema, hatampa kila kijana chake. Kijiwe kizima kitapata kitu kimoja, dawa wote au unga wote, na hapo wagawane wanavyotaka. "Mmenifundisha nyinyi," akasema. Karani alikuwa amemwambia akae karibu na dirisha, akiitwa asipoitika jalada linarudi chini ya mengine, na mkuu anasafiri kesho kwa wiki tatu.

Tulipokuwa tunaongea akaja kijana amevaa shuka, fimbo begani, mwembamba. Nilimtambua kwa vidole. Alikuwa Shija; amesikia sokoni kwamba Mama Arosto yupo, akatembea kutoka machungani.

Alitusalimia kwa heshima, akachuchumaa. Nilimwambia nilichokuwa nimekibeba mwaka mzima. "Shija, nusu yako ndiyo ilimponya Iddi. Nashukuru. Wewe ulibaki na nusu, na haikutosha."

"Haikuwa nusu, dada," akasema.

Mtafiti akageuka.

"Kidonge kizima kina utamu nje, hujui kitu. Ukikikata, wembe unashika ladha. Kimoja kichungu, kingine hakina kitu. Mimi ndiye nilikuwa nakata, nilijua siku ya kwanza. Iddi yeye anameza kila kitu kwa soda, hakuonja. Wiki ya kwanza nilimpa nusu kweli. Halafu nikawa nampa nusu zote mbili chungu. Zake nameza mimi."

Mtafiti ndiye aliyeuliza, taratibu sana, "Kwa nini?"

"Mimi nikitetemeka nakata nywele vibaya. Yeye akitetemeka na abiria nyuma anaua mtu."

"Mbona hukuniambia kwamba unajua?"

"Ungemnyang'anya."

"Ningemnyang'anya," akasema Mtafiti.

Shija akachora mchanga kwa ncha ya fimbo. "Nimesikia una vidonge vipya. Niandike."

Nilimwona Mtafiti akitafuta njia, nikamwombea aipate, na nikaona ameikosa.

"Siwezi, Shija. Vidonge ni vile vile. Wewe unakijua. Anayekijua hawezi kuingia."

"Daktari," nikasema, "huyu ndiye aliye—"

"Ndiye. Ndiyo maana."

Nikataka kumpandishia bei, kumshushia, kumwambia aandike jina jingine, afumbe jicho moja. Shija hakubishana. Aliitikia tu kwa kichwa, kama mtu aliyezoea kuambiwa kwamba zamu imeisha, akaanza kuinuka.

"Kaa," akasema Mtafiti. Akashuka kwenye benchi, akaketi naye chini mchangani, na kitenge chake kizuri cha ofisini. "Mara ya mwisho umevuta lini?"

"Asubuhi."

"Leo?"

"Leo. Machungani."

"Na jana umelala saa ngapi?"

Dirishani karani akaita, "Mtafiti! Mtafiti wa Bariadi!"

Hakugeuka. Shija alitazama dirisha, akamtazama yeye, akasema, "Mama, wanakuita."

"Nimesikia. Umelala saa ngapi?"

Karani akaita mara ya pili, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kufunga jalada. Nikachukua ile bahasha kwenye benchi, nikaenda dirishani, nikamwekea karani viwiko vyangu vyote viwili mbele yake, nikaanza kumchelewesha kwa kumuuliza bei ya viti wanavyokalia humo ndani.